Mkwe Haitwi Jina

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Wahenga walilisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kupanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela, wala hawakuwahi kumpokea mama mkwe mlangoni kwa kumkumbatia.

Jentrix Nasike alifika wakati wa kiangazi, vumbi likiwa bado halijapata mvua ya kulituliza, akiwa na begi moja na kuku wawili waliofungwa miguu. Alitoka Chwele, upande wa Bungoma, ambako alikuwa amemzika mumewe Elphas kabla ya Krismasi na kubaki katika nyumba iliyokuwa kimya hadi saa ya ukutani ikasikika kama mtu anayepumua. Kifungua mimba wake, Wangila, alikuwa Qatar akilinda majengo ya watu. Binti yake Beverlyne ndiye aliyemng'ang'ania. Presha yako haitaki upweke, alimwambia, njoo ukae na sisi.

"Nitalalaje nyumba ya mkwe?" Jentrix alimwuliza kwenye simu.

"Mama, hiyo ni mambo ya zamani. Muteti mwenyewe ndiye amesema uje."

Mlango ulipofunguliwa, Muteti alitoka mikono yote miwili wazi kama mtu anayezuia ng'ombe asitoroke. "Jentrix! Hatimaye! Karibu nyumbani, Jentrix!" Kabla mama wa watu hajajua pa kuweka kuku, alikuwa amekwisha kubanwa kifuani, shavu lake limegusana na ndevu za mume wa mwanawe. Kuku walipiga kelele. Yeye hakuweza.

Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawaitani majina, hawakalii kiti kimoja, na wakikutana njiani, mmoja hutafuta kichaka cha kumpishia mwenzake. Muteti naye hakuwa ametoka mwezini. Kwao Ukambani jambo hilo hilo lipo na lina jina lake, nthoni. Wajomba zake walipokuja Chwele kuposa, walikaa upande wao wa hema, macho chini, wakazungumza na Jentrix kupitia kinywa cha mtu wa katikati. Siku ile Jentrix alijiona malkia. Hakuna aliyekuwa akimwogopa mwenzake. Yeye alikuwa anatoa binti, wao walikuwa wanapokea binti, na jambo kubwa namna hiyo halisemwi kwa kugongana mabega.

"Hapa hatuna mambo ya mama mkwe," Muteti alisema akibeba begi. "Vyeo vinatenga watu. Mimi niite Muteti, wewe ni Jentrix, tumemaliza. Sisi ni marafiki."

Jentrix alikuwa na marafiki. Alikuwa amewaacha Chwele, na hata wao hawakuwa wakimwita Jentrix.

Sokoni aliitwa Mama Wangila. Kanisani aliitwa Mama Mwenyekiti, maana aliwaongoza kina mama hadi wakajenga jiko. Watoto wa jirani walimwita Kukhu, bibi, hata wale ambao nyanya zao walikuwa hai. Elphas hakuwahi kumwita vingine ila Mama Wangila, hata siku walipokosana vibaya. Hasira yake yote ilibidi ipenye kwenye mlango ule mwembamba wa heshima, na ilipotokea upande wa pili ilikuwa imekonda. "Mama Wangila, umenikasirisha sana." Utajibu nini? Jina la Jentrix lilikuwa la kitambulisho na la wazazi wake, na wazazi wake walikuwa wamelala chini ya migomba zamani.

Kitengela ilimpa majina mengine. Muuza duka alimwita kastoma. Vijana wa bodaboda walimwita mathe, mama kwa lugha ya mtaani, na akikataa kupanda wakamwita shosh, bibi. Soja wa geti alimwita madam kwa sauti ile ile aliyowaitia wasichana wa kazi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomchosha. Utagombanaje na mtu anayekuchekea?

Kila siku ya kazi Beverlyne na Muteti walitoka kwenda Nairobi kabla jua halijachomoza, wakamshusha mtoto wao, Whitney, shuleni njiani. Jentrix alibaki na friji na upepo. Upepo wa Kitengela hauna adabu. Unatoka mbugani, unaingia chini ya mlango bila hodi, unaacha unga wa vumbi juu ya meza uliyotoka kuipangusa. Alipangusa tena. Aliwasha televisheni apate sauti ya mtu, akaizima kwa sababu waliokuwa wakizungumza hawakuwa wakizungumza naye.

Mtu mmoja tu alimwamkua sawasawa, mama wa Kimaasai aliyepita na maziwa. "Takwenya, koko," alikuwa akisema, maana kwa Kimaasai bibi huitwa koko. "Iko," Jentrix aliitika, kama alivyofundishwa, na kuhisi mgongo wake ukinyooka. Siku nyingine alinunua maziwa ambayo hayakuhitajika nyumbani. Yaliganda, akayanywa peke yake mchana, amesimama jikoni.

Ijumaa moja Beverlyne aliomba ruhusa kazini, akamwendesha mamake hadi kliniki moja Kajiado. Walikaa kwenye benchi. Muuguzi msichana, mdogo hata kwa Beverlyne, alichungulia mlangoni. "Jentrix! Jentrix ni nani? Jentrix, ingia, toa sweta."

Jentrix hakusimama.

"Mama, ni wewe," Beverlyne alimgusa.

"Najua ni mimi."

Vipimo vilionyesha presha iko juu. Walipokuwa wakirudi, karibu na Isinya, mahali ambapo nailoni za mashamba ya maua zinameta bondeni kama maji yasiyonyweka, Jentrix alisema alichokuwa amekibeba tangu siku ya kuku.

"Mwambie mume wako aniite Mama."

Beverlyne alicheka kidogo. "Lakini anakupenda, Mama. Wenzake kazini, mama wakwe zao hawaruhusiwi hata kukaa siku mbili."

"Sijasema hanipendi. Hata akitaka kuniita Mwaitu, kama wanavyoita mama kwao, nitaitika."

"Yeye anasema hayo majina yanaweka umbali."

"Ndiyo kazi yake. Umbali ndio ninaoutaka. Mimi na yeye tukikaribiana hivi, kuna siku mmoja atamkanyaga mwenzake."

"Sawa, nitamwambia," Beverlyne alisema, akaongeza sauti ya redio. Kama alimwambia, halikuingia. Jioni ile ile Muteti alirudi na mkate. "Jentrix, wamekupima wakasema nini? Pole, Jentrix!" Na alikuwa na huruma ya kweli usoni, mpaka Jentrix akaona haya kwa kuumia.

Wiki hiyo ndipo Whitney naye, mjukuu wa miaka mitano, alipopanda kiti cha jikoni akasema, "Jentrix, nipe chapo." Muteti alicheka hadi akashika tumbo. "Sikia huyu mtu mzima!" Beverlyne naye alitabasamu akiwa amemwangalia mamake kwa pembe ya jicho. Jentrix alimpa mtoto chapati. Mtoto hana kosa, huokota yaliyo sakafuni. Lakini usiku alipolala kando ya kitanda cha Whitney, katika chumba kilichochorwa vipepeo, aliwaza kwamba siku akifa Kitengela, watu hawa wangemlilia kwa dhati, na hakuna hata mmoja ambaye angejua wa kumlilia ni nani.

Basi ikafika Jumamosi.

Mvua ndefu ilikuwa imeanza, ile ya kugeuza udongo mweusi wa Kitengela kuwa gundi. Beverlyne alikuwa saluni na Whitney, wakisukwa kwa ajili ya kesho yake, maana Jumapili hiyo Muteti alikuwa asimikwe mzee wa kanisa. Suti mpya ilikuwa imetundikwa mlangoni, bado imevaa nailoni yake. Muteti alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya ibada hiyo, akaingia bafuni moja kwa moja. Jentrix alikuwa jikoni akichambua mboga.

Nyumba ile ilijengwa na mtu asiye na wakwe. Bafu lilifungukia sebuleni, komeo lake lilikuwa bovu, na kufika chumba chake Jentrix angelazimika kupita pale pale mlangoni. Kwa hiyo akatulia jikoni, akageuzia mgongo sebule, akachambua mboga taratibu kuliko zinavyotaka.

Maji yalikoma. Kisha sauti:

"Jentrix! Uko hapo?"

Jentrix alishika jani lingine la mboga.

"Jentrix, nimesahau taulo! Iko kwa kiti. Nirushie tu, mlango uko wazi!"

Yapo mambo ambayo mtu huyajibu kwa miguu. Jentrix aliweka kisu chini, akajitanda leso kichwani, akatoka kwa mlango wa jikoni na slipa zake za ndani. Hakujua anakwenda wapi. Alijua tu hawezi kulishika taulo lile, na hawezi kuwa ndani ya kuta zile wakati mume wa mwanawe anatoka kujitafutia mwenyewe. Alikwenda hadi chini ya tangi la maji karibu na geti, akakaa juu ya tofali. Soja alikuwa amekwenda kula. Matone yalianza moja moja, halafu yakaitana.

Ndani, Muteti aliita mara nyingine, akadhani Jentrix amesinzia, akalifuata taulo kwa kuruka ruka. Alivaa, akaziba masikio kwa vile vidude vya muziki, akaketi chumbani kujifunza kiapo cha uzee wa kanisa. Aliona mlango wa chumba cha Whitney umefungwa. Jentrix amepumzika, akajiambia, na akapunguza hata hatua zake asimwamshe. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mwema hata pale alipokosea.

Aliyemwona Jentrix ni Dinah wa ghorofani, mwanamke mwenye huruma ambayo haikuacha simu nyuma. Alipiga picha kwanza, ndipo akashuka na mwavuli.

"Shosh! Ghai, shosh, umelowa! Wamekufungia nje?"

Jentrix alitikisa kichwa.

"Muteti yuko ndani? Ndiyo hiyo gari yake. Amekuambia nini? Niambie tu, mimi ni kama binti yako."

Kulikuwa na jibu. Jibu lilikuwa na taulo ndani yake, na bafu, na mwanamume asiye na nguo. Hakuna mama mkwe wa kwao ambaye angeyatamka hayo kwa jirani na bado akatazamana na binti yake. Kumlinda Muteti kulimaanisha kunyamaza. Akanyamaza. Maji yalimtiririka usoni, na Dinah akayasoma kama machozi.

"Basi usiseme, shosh. Nimeelewa," akasema Dinah, ambaye hakuwa ameelewa kitu.

Kabla mvua haijakatika, picha ilikuwa imefika kwenye grupu la simu la wapangaji wa ploti: mama mzee, leso kichwani, miguu ndani ya tope, chini ya tangi. *Huyu ni mama mkwe wa Muteti wa nyumba ya chini. Na kesho anafanywa mzee wa kanisa.* Mtu akaweka uso unaolia. Mwingine akaandika kwamba watu wa suti ndio wabaya zaidi. Katika grupu lile kulikuwa na washiriki wa kanisa lake, na picha haikuhitaji kuvuka barabara kufika kwa mchungaji. Mchungaji akapiga simu. Alisema kwa upole kwamba kusimikwa kungesubiri hadi jambo hili lieleweke.

Beverlyne alirudi na nywele mpya, akamkuta mumewe amesimama katikati ya sebule, na mamake amekaa ukingoni mwa kochi, amebadili nguo lakini bado anatetemeka. Alimtuma Whitney kwa jirani.

"Mimi nilikukosea nini, Jentrix?" Muteti aliuliza. "Ninakupa chumba. Dawa nanunua. Wewe unaenda kukaa kwa mvua watu wakupige picha?"

"Uliniita nikuletee taulo."

"Sasa taulo ni nini? Ni kitambaa!"

"Muteti," Beverlyne alisema polepole, "ulimwambia mama yangu akuletee taulo bafuni?"

"Akirushe! Nilisema akirushe!"

Beverlyne alifunika uso kwa viganja. Pengine alikuwa anacheka, pengine analia, pengine mambo ya zamani yalikuwa yamemgonga kisogoni. Halafu akaviondoa, na Jentrix akaona kwamba amechagua upande, na upande wenyewe si wake.

"Mama, hakujua. Wacha tumalize. Atarekodi sauti," alisema akimwonyesha Muteti, "useme ulitoka mwenyewe, uombe msamaha kwa kuchanganya watu. Tuitume kwa grupu na kwa pasta. Kesho iendelee."

"Kutoka nilitoka mwenyewe. Nitasema."

"Na sababu usiseme," Muteti aliingilia haraka. "Hayo ya bafu hapana. Sema tu ulichanganyikiwa kidogo. Watu wataelewa, ni mambo ya umri. Sema samahani, nilichanganyikiwa, nimemwaibisha Muteti."

Jentrix alimtazama. Tangu aje, hakuwahi kumtazama machoni, kwa sababu hilo nalo lilikuwa sehemu ya heshima. Sasa alimtazama.

"Kwa hivyo niwe kichaa ili wewe uwe mzee."

"Hapana, Jentrix..."

"Kesho wakikusimika, watakuita nani?"

Muteti aliitazama suti. "Watu wataniita vile wanataka."

"Watakuita Mzee Muteti. Suti ulinunua ya hilo jina. Hata mke wako ataanza kulisema akikuonyesha kwa wageni. Nami nitafurahi, maana unafaa. Lakini kumbe unajua jina la heshima linamfanyia mtu nini. Unajua sana."

Muteti aliketi. Aliketi chini kabisa, sakafuni, mgongo ukiegemea kochi, na kwa mara ya kwanza Jentrix akamwona jinsi alivyo kijana.

"Mimi baba yangu nilimwita Nau, ndiyo baba kwetu, mpaka akazikwa," alisema. "Akiingia tulikuwa tunasimama. Niliongea na yeye kama mtu anaongea na ofisi ya chifu. Sijui hata alikuwa anapenda chakula gani. Nikaapa nikiwa na nyumba yangu, hakuna mtu ataogopa mtu. Ndiyo maana nakuita hivyo. Si dharau."

"Pole," Jentrix alisema, na pole ile ilitoka ndani. Alimwona mtoto wa Ukambani amesimama wima kando ya mlango, akisubiri mkono ambao haukuja. Kama angekuwa mwanawe, angemshika kichwa. Hakuwa mwanawe. "Pole sana. Lakini mimi si baba yako. Ukuta wake ulikuzuia usiingie. Wangu ulikuwa wa kutustiri sisi wote wawili."

Tangi nje liliendelea kudondosha maji.

"Mama, tafadhali," Beverlyne alisema. "Neno ni neno tu. Sema tu."

"Kama ni neno tu, mbona mumeo ameshindwa kuniita Mama, na mtoto wenu Kukhu?"

Mtu akikosa jibu hutafuta fimbo, na Beverlyne akaipata. "Basi kama hapa hupawezi, Mama, sijui. Tutakutafutia chumba kimoja Isinya, tuwe tunakuja wikendi. Ama urudi Chwele. Mimi siwezi kuishi kati yenu hivi."

Hapo ndipo kila kitu kilipowekwa mezani. Jentrix aliiona Isinya, chumba cha mabati na upepo ule ule, na jirani wa kumwita kastoma. Aliiona Chwele, kiti cha Elphas, mlango ambao ungesubiri jioni nzima mtu aseme hodi. Aliuona pia uso wa Whitney ukikua bila yeye. Hakuwa mwanamke wa chuma. Aliogopa. Kumbe kuna upweke wa kukaa bila watu, na kuna upweke wa kukaa na watu wasiokujua, na mtu wa umri wake alikuwa anaambiwa achague kama anayechagua viazi.

"Leta simu," alisema.

Muteti alinyanyuka upesi. Alibonyeza, akaisogeza mbele ya midomo ya Jentrix kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo hakujua kwamba ni adabu.

Jentrix alijiweka sawa leso. "Mimi ni Mama Wangila, mzazi wa Beverlyne. Mkwe wangu hakunifukuza. Hajaninyima chakula, hajaninyima dawa, hajanipandishia sauti. Mnaomsema, mnamsema bure. Nilitoka kwa miguu yangu, kwa sababu ziko nyakati ambapo mama mkwe hapaswi kuwa ndani, na walio na wakwe wamenielewa. Akili yangu iko sawa."

Muteti alikuwa akiinamisha kichwa kwa shukrani, macho yamelowa, kidole kikining'inia juu ya kioo. Aliinama karibu na sikio lake.

"Vizuri sana," akanong'ona. "Sasa ile ya msamaha. Malizia hapo, Jentrix."

Binti yake alikuwa anaangalia sakafu. Simu ilikuwa bado inasikiliza.

"Hapo ndipo nimemalizia," Jentrix alisema, bila kushusha sauti. "Sijamkosea mtu. Siombi msamaha."